Chumvi Kwenye Utambi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja chini ya mlima Kasigau, niliomba kuonyeshwa maabara, nikapelekwa kwenye chumba chenye meza na taa za spiriti. Gesi hakuna, lori la mitungi halikuthubutu barabara ile. Basi nikafundisha kemia kwa spiriti huko, kisha Mwanda, kisha Taveta, nikirudia jambo moja mpaka nikaichoka sauti yangu mwenyewe.

Spiriti ni ethanoli iliyotiwa sumu ili watu wasiinywe, na bado wako wanaokunywa wakapofuka. Hukauka upesi, na mvuke wake hutambaa mezani hadi ufikie moto. Ubaya wake mkubwa ni kwamba mwali wake ni wa samawati hafifu, na juani hauonekani kabisa. Kwa hiyo nilikuwa natia chumvi kwenye utambi, mwali ukawa wa manjano, kila mtu akauona. Chumvi ya jikoni, jamani. Sikuomba mashine.

Mwalimu mkuu wa Kasigau hakuipenda chumvi hiyo. Siku ya wazazi ilipokaribia, aliniambia mwali wa manjano unafanana na wa koroboi, wageni watasema shule haijaendelea. Nikamweleza, akasema nimezoea kubisha. Asubuhi ya siku yenyewe nikakuta ameagiza tambi zote zibadilishwe, ziwekwe mpya zisizo na chumvi.

Wanafunzi walikuwa wameandaa ethanoli yao wenyewe. Walichanganya maji ya sukari na hamira, wakaiacha chupa mahali penye joto ikitoa povu, kisha siku hiyo wakaipasha ndani ya sufuria ya maji. Ethanoli huchemka kwa nyuzi sabini na nane, kabla ya maji, kwa hiyo mvuke wake hutangulia, ukapoa kwenye bomba na kudondoka. Meza zilipangwa uwanjani, jua la mchana. Wakesho, msichana wa kidato cha tatu, alidhani taa yake imezimika, akaiongezea spiriti. Moto ukapanda kwenye chupa ya spiriti hadi mkononi. Nilimfunika kwa gunia bichi, lakini mkono wa kulia ulikuwa umeshaungua vibaya.

Kilichoniudhi zaidi ni kilichofuata. Mwalimu mkuu alimwita mama yake mbele ya wazee wa bodi, akasema msichana ni mzembe, atolewe kemia. Mtoto alitaka uuguzi, na bila kemia uuguzi angeusikia tu. Mama yake, ambaye ndovu walikuwa wamemmalizia mahindi msimu huo huo, alikaa akitazama chini, akiomba msamaha. Yeye ndiye aombe msamaha! Hapo nilipandwa na hasira.

Nikachukua taa mbili zenye tambi safi kama alivyotaka, nikawasha moja kivulini, nikaziweka zote juani. Nikawaita watoke.

"Mwalimu mkuu," nikasema, "moja inawaka. Shika utambi wa ile isiyowaka."

Akazitazama. Akainama, akazitazama tena, kisha akaweka mikono nyuma.

"Mwalimu, mambo haya tungezungumza ofisini."

Mama Wakesho akainua kichwa. "Yeye mtu mzima haoni," akasema polepole. "Mwanangu angeonaje?"

Wakesho hakutolewa kemia. Wiki iliyofuata mwalimu mkuu alisimama mbele ya wanafunzi paredini akatangaza kwamba taa zote zitiwe chumvi, akalieleza wazo hilo kana kwamba amelibuni yeye.

Sasa nimestaafu, naishi Voi, na kupumzika sijapumzika. Watu wanajipaka sanitaiza mikononi, ambayo ni pombe ile ile, na kabla haijakauka wanawasha jiko. Jirani anaweka spiriti kwenye chupa ya soda, juu ya meza wanapokula watoto. Nikisema, wananicheka kwamba ualimu haujanitoka.

Juzi nilikwenda zahanati kudungwa sindano, nikamkuta Wakesho ndiye muuguzi. Alinipangusa bega kwa spiriti akitumia mkono wa kushoto, kwa sababu vidole vya kulia havikunjiki mpaka leo. Nikamuuliza kama vinamuuma.

"Wakati wa baridi tu, mwalimu."

Na chumvi siku ile ya wazazi ilikuwepo. Ilikuwa jikoni mwa shule, karibu na uwanja, gunia zima.