Mmea Wanaouita Mpya

Leo mtafiti kijana kaniamkia vizuri, kaweka biskuti mezani, kafungua gazeti lenye mmea mkavu. "Bibi, huu ni mpya, haujulikani duniani. Mwingine unaota wapi?"

Mpya kwa nani? Harufu ile chungu naijua tangu utotoni. Mgeni mmoja alinipa biskuti nimwonyeshe dawa ya tumbo ya bibi yangu. Akaing'oa na mizizi, akailaza kwenye gazeti. Bibi alipoliona shimo alinibana mashavu. "Tema!" Nikatema. "Sisi tunachuma majani, mzizi tunauacha. Mdogo wako anaharisha tangu jana. Nimpe biskuti?"

Kijana bado anangoja jibu. Nimemwambia, "Njia uliyojia ndiyo hiyo. Na biskuti zako beba."