Madebe Tuliyoachiwa Stoo

Nyumba ya kwanza niliyoingia kama mke wa mtu ilikuwa Iringa, na ilikuwa imekaa tupu zaidi ya mwaka. Aliyeishi humo, mtaalamu wa kilimo kutoka ng'ambo, alikuwa amerudi kwao. Mume wangu alikuwa bwana shamba, tukapewa sisi. Mimi niliyekulia Iyunga, Mbeya, chumba kimoja na dada zangu wanne, nilizunguka vile vyumba vitatu nikicheka peke yangu kama chizi. Hata jikoni kulikuwa na dirisha la kioo!

Stoo ndiyo iliyonikata kicheko. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, unga wa kuulia wadudu, sumu ya panya, betri ya gari iliyovuja asidi mpaka sakafu ikachimbika. Mtu anahama na mapazia, sumu anakuachia wewe. Nilimsema yule bwana siku tatu mfululizo, na hakuwepo kunisikia.

Mume wangu akamleta bwana afya, mtu mfupi, mpole, mwenye glavu za mpira zilizomfika kwenye viwiko. "Msimwage kijitoni, na msichome," alisema. Dawa ya ng'ombe ikapelekwa joshoni ikafanye kazi yake, unga na sumu ya panya vikarudishwa ghala la kilimo, betri akachukua fundi wa gereji. Kwetu yakabaki madebe matano matupu yaliyokuwa na ile dawa ya josho. Tuliambiwa tuyatoboe, tuyaponde, tuyafukie mbali na kisima. Mume wangu akachimba shimo kule kwenye mikaratusi, kisha akaitwa kazini Igawa.

Kesho yake akaja mama mkwe. Binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa Jumamosi. Nikapiga magoti, "Kamwene, Mama," akaitika vizuri, nikamwacha apumzike, nikaenda sokoni. Niliporudi nilikuta madebe yote matano yamepinduliwa kwenye nyasi, yamesuguliwa kwa majivu, yanang'aa.

"Mwanangu, madebe nzuri hivi mnatupa?" akasema. "Hizi zinabeba ulanzi ya harusi yote. Wagema wanakuja kuchukua leo jioni."

Siku zile debe zima lenye mfuniko la kubebea ulanzi, ile pombe ya mianzi, lilikuwa mali, sikatai. Nami nilikuwa mkwe wa miezi miwili, ambaye neno "hapana" halijui mbele ya mama wa mumewe. Nikamweleza habari ya sumu kwa upole wote niliokuwa nao, ambao haukuwa mwingi. Akasema ameosha mara tatu, amenusa, hakuna kitu.

"Au huko kwenu Mbeya hamjui kuosha?"

Hapo damu ikanichemka. Nikaingia ndani, nikatoka na sururu, nikalipiga debe la kwanza tundu moja ambalo mlio wake ulisikika mpaka kwa jirani. Mama akashika kichwa.

"Unaniharibia harusi!"

Nilikuwa nalia na kufoka kwa pamoja. "Mama, pombe ikifika harusini, nani anaonja kwanza?"

Desturi ya kule, mwenye pombe ndiye anayekunywa kwanza mbele ya wageni, ili waone kwamba haina kitu kibaya.

"Mimi," akasema.

"Basi ndiyo maana natoboa."

Akakaa chini kwenye nyasi. Nikaleta sabuni na maji, nikamnawisha mikono mpaka kwenye viwiko, naye akaiacha kwangu kama mtoto. Nilimpenda siku ile, nasema wazi. Halafu nikasikia anacheka, kidogo kidogo, mpaka kitenge kikamfunguka. Akasimama, akaninyang'anya sururu.

"Unapiga kama unabisha hodi. Lete."

Yale manne aliyatoboa yeye. Tukayaponda, tukayafukia, akakanyaga udongo huku akiimba nyimbo za harusi, jirani akajibu kwa vigelegele bila kujua tunazika nini.

Jumamosi ulanzi ukaja kwa vibuyu tulivyoazima mtaa mzima. Wazee wa upande wa bwana harusi wakaguna: nyumba ya bwana shamba, hata debe hakuna? Mama akainua kikombe cha kwanza, akakimaliza bila kupumua, akajifuta mdomo.

"Madebe yalikuwepo," akawaambia. "Mkwe wangu ameyatoboa. Hataki nife."