Godoro la Daraja la Pili

Watu wa kijijini kwetu Kwaluguru wakiniona nakwenda stesheni mpaka leo huniuliza, "Rajabu, mlango unaujua?" kisha wanapita na majembe yao kama watu waliosalimia tu. Basi afadhali nisimulie mwenyewe, maana nimewasikia wanavyosimulia wao, na katika masimulizi yao mimi huwa nalia (sikulia) na huwa sina nguo (nilikuwa na msuli, na ulikuwa umefungwa vizuri).

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa mkata mkonge kwenye shamba moja upande wa Muheza. Baba na mama walitutoka mmoja baada ya mwingine nikiwa darasa la pili, nikaacha shule, nikawalea wadogo zangu Hasani na Zaina kwa jembe, na jembe liliposhindwa, kwa panga la mkonge. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Nasema kwa sababu kuhurumiwa ndiyo kazi niliyoitiwa Korogwe siku hiyo, na ndiyo niliyoiharibu.

Hasani alikuwa amempenda Mwanahawa, binti wa Mzee Sefu, nyapara wa kikosi cha kutengeneza njia ya reli, aliyekaa kwenye nyumba za reli nyuma ya stesheni ya Korogwe. Mzee Sefu alitaja mahari, ng'ombe wanne. Sisi tulikuwa nao wawili, tena mmoja mwenye pembe moja. Mjomba wetu Mhina, ndugu wa marehemu mama, ndiye aliyekuwa mshenga, naye alikwenda akazungumza akarudi na jibu kwamba mzee yuko tayari kufikiria kutusamehe wawili kwa kuwa sisi ni yatima, ila anataka kumwona huyo kaka mkubwa anayesimama mahali pa baba, amsikie kwa masikio yake. Na asichelewe, maana kuna karani wa ofisi ya shamba la mkonge naye amekwisha kuleta posa, na ng'ombe wa karani hawahitaji kusamehewa.

Mjomba aliniletea maagizo mpaka kambini. "Njoo umevaa kwa heshima," akasema, "lakini njoo kama mtu mwenye shida. Sema polepole. Usiloulizwa usijibu."

"Sasa mjomba, kwa heshima au kwa shida?"

"Vyote viwili. Wewe umekuwa yatima miaka yote hii hujajifunza?"

Basi nikashonesha kanzu nyeupe, nikaipiga pasi ya mkaa mpaka ikasimama yenyewe, na asubuhi ya siku hiyo nikafika stesheni ya Muheza nimeivaa, natembea nimeachanisha mikono kama bata ili isikunjike. Nikafika dirishani kwa karani wa tiketi, akaniuliza daraja gani, nikasema la tatu, kama mtu yeyote. Na hapo ndipo macho yangu yalipowaangukia abiria wenzangu wa daraja la tatu waliokuwa wakisubiri nje. Kulikuwa na mama mwenye tenga la kuku, kulikuwa na bwana mwenye dumu la mafuta ya nazi ambalo kizibo chake kilikuwa gunzi la hindi, na kulikuwa na watoto wanne wanakula maembe. Nikaitazama kanzu yangu. Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe inauliza, "Na la pili je?"

Karani akanitazama toka kofia mpaka viatu. "La pili lina godoro," akasema, na hakusema zaidi (ningemshukuru hadi leo kama angesema zaidi).

Nyongeza ya nauli ilikuwa sawa na siku tatu za kukata mkonge. Niliposikia hivyo ilinipasa niondoke, lakini nikasimama pale pale nikaanza kupima. Nikajiambia, nikifika na kanzu ina alama ya embe na kinyesi cha kuku, Mzee Sefu ataniona mimi ni mtu asiyejiheshimu, na mtu asiyejiheshimu hasamehewi ng'ombe. Nikifika msafi, nimepumzika, nina maneno yangu kichwani kwa mpangilio, tunasamehewa wawili. Siku tatu za mkonge upande huu, ng'ombe wawili upande ule, hiyo hesabu hata mtu aliyeishia darasa la pili anaiweza. Nikaipima tena kutoka upande wa pili, nikaona labda ni ujinga, nikaipima mara ya tatu, na bwana mwenye dumu aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega.

"Samahani ndugu yangu, unanunua tiketi au unanunua treni?"

Watu wakacheka. Nadhani ni kile kicheko kilichoamua, maana sikutaka tena kwenda kukaa nao. Nikalipa daraja la pili.

Gadi wa treni ndiye aliyenipeleka, akatembea mbele yangu kwenye ujia mwembamba wa behewa, akasimama, mlango ukafunguka, nikaingia, ukafungwa nyuma yangu. Kilichofanyika kati ya kusimama kwake na kufunguka kwa mlango sikukiona, kwa kuwa nilikuwa nashughulika kuinua pindo la kanzu. Kilikuwa chumba kidogo kizima, na ndani yake nilikuwa mimi peke yangu. Kulikuwa na kioo, na kulabu ya nguo, na kiti kirefu kama kitanda, na juu ya kiti hicho lile godoro, limevishwa ngozi ya kijani.

Nikavua kanzu nikaitundika kwenye kulabu, ili isikunjike, nikabaki na fulana na msuli. Nikakaa. Kisha nikajiambia kwamba kama nimelilipia godoro zima si haki kulikalia kipande, nikajinyoosha. Na hapa nitasema jambo ambalo wanaosimulia kisa hiki hawalijui, kwamba tangu mama afe sikuwa nimewahi kulala mchana. Hata siku moja. Kila nilipofumba macho kulikuwa na mtu anayesema kaka, ugali, kaka, ada, kaka, mbuzi wameingia kwenye mtama. Mle ndani hapakuwa na mtu wa kuniita. Treni ikaanza kunitikisa, na nilikuwa bado napanga maneno ya kumwambia Mzee Sefu, nimefika pale pa kusema "sisi watoto wenu hatuna nyuma wala mbele," nikalala kama gogo.

Nilizinduka treni imesimama na mtu nje anaita Korogwe, Korogwe. Nikairukia kanzu, nikapitisha kichwa kwenye mkono, nikakitoa, nikapitisha upya, nikashika komeo la shaba la ule mlango nikauvuta. Haukuja. Nikausukuma. Haukwenda. Nikaupiga bega, na bega la mkata mkonge si bega la mchezo, mlango ukanguruma tu. Nikabisha hodi (ndiyo, nilibisha hodi nikiwa ndani, huwezi kujua mtu atafanya nini mpaka yamkute). Hakuna aliyeitika. Nikaenda dirishani nikatoa kichwa.

Walikuwepo wote. Kwenye jukwaa la stesheni, chini ya dirisha langu kabisa, alisimama Hasani katika shati la kuazima, na Zaina, na Mjomba Mhina na fimbo yake, na pembeni yao mzee mfupi mwenye kofia ya reli, ambaye sikuhitaji kuambiwa ni nani. Wote walikuwa wanatazama nyuma, kwenye mabehewa ya daraja la tatu, watu wanashuka na matenga. Zaina ndiye aliyegeuka.

"Kaka," akasema. "Unafanya nini humo?"

"Nashuka."

"Basi shuka."

"Nashuka, nimesema."

"Mbona hushuki?" akauliza Hasani.

"Mlango."

"Umefanyaje mlango?"

"Haufunguki."

Mjomba Mhina akafumba macho. Alifumba kama mtu anayeumwa jino. Mimi nikajaribu kupita dirishani, nikatoa kichwa na mkono mmoja, bega likagoma, na kanzu ikanasa nyuma mahali fulani ikavutika juu ikabaki shingoni kama kilemba, ndiyo maana ikasemwa nilikuwa sina nguo. Filimbi ikapigwa. Abiria wa daraja la tatu walikuwa wamesimama kutazama, mama wa kuku naye kati yao, kuku wake wametulia kabisa, na yule bwana wa dumu, na dumu lenyewe halikuwa limemwagika hata tone.

Treni ilipoanza kusogea, Mzee Sefu akatembea sambamba na dirisha langu, bila haraka. "Kijana," akasema, "usivute kwako wala usisukume. Upeleke pembeni."

Nikajirudisha ndani, nikaupeleka pembeni. Ulifunguka kwa kidole kimoja. Kufika mwisho wa ujia, stesheni ya Korogwe ilikuwa nyuma yangu na nje kulikuwa kunapita mashamba ya mkonge, mstari baada ya mstari, kwa kasi.

Nilishushwa Mombo. Gadi alitaka nilipie kipande kilichozidi, na alitaka nilipie kwa nauli ya daraja la pili, tulikuwa bado tunabishana alipokuja mfanyakazi wa stesheni akauliza yuko wapi mtu wa kanzu. Simu ilikuwa imepigwa kutoka Korogwe. Mzee Sefu alikuwa na kiberenge chake cha kazi pale Mombo kinarudi Korogwe, kile kigari cha juu ya reli kinachosukumwa kwa mpini, na alikuwa ameagiza nipakiwe. Nikapakiwa juu ya masururu na makoleo, na vijana wake wawili wakanionyesha mpini.

"Huku godoro hakuna, kaka," mmoja akasema. "Na sisi tumechoka toka asubuhi."

Nikausukuma mpini ule juu, chini, juu, chini, karibu njia nzima, nikiwa nimevaa kanzu ya kwendea posa. Nilipofika Korogwe ilikuwa alasiri, na kanzu ilikuwa na grisi mpaka kwenye kwapa.

Zaina alinipokea akanieleza kwa sauti ya chini tukivuka reli. Walipokuwa wanaisubiri treni, Mjomba, ili asipoteze nafasi, alikuwa amekwisha kuanza kumlainisha Mzee Sefu. Alimwambia kaka yao huyo ni mtu wa chini kabisa, nauli yenyewe ni ya kubahatisha, safari nyingine hutembea kwa miguu, na leo atashuka miongoni mwa kuku mtamhurumia wenyewe. Ndiyo maana walikuwa wanatazama nyuma.

Tukaingia nyumbani kwa Mzee Sefu, nikasema shikamoo kwa kila aliyestahili, tukakaa mkekani. Nikayasema maneno yangu yote, polepole, kama nilivyoagizwa. Nilipofika pale pa hatuna nyuma wala mbele, shangazi yake Mwanahawa, Bi Hadija, aliyekuwa anatenga kahawa, akaweka birika chini.

"Sisi tulikubali kuwapunguzia yatima," akasema. "Hatukusema tutampunguzia mtu wa daraja la pili."

Mjomba akaanza kueleza kwamba ilikuwa bahati mbaya, tiketi za tatu zilikwisha. Mzee Sefu akamwinulia mkono, taratibu. Akanigeukia mimi.

"Njia hii naitengeneza tangu sijaota ndevu," akasema. "Mataruma ya kulalia reli yaliyoko hapa mpaka Mombo nimeyainua kwa mikono hii. Humo ulimokuwa sijawahi kuketi. Niambie wewe uliyeketi. Lile godoro ni laini?"

Mjomba alinikanyaga kidole cha mguu. Najua alitaka niseme gumu, niseme sikulikalia, niseme lolote. Lakini mzee alikuwa ananitazama kama mtu anayetaka kujua kweli, na huyo ndiye mtu aliyekuwa amenitumia kiberenge.

"Ni laini, mzee," nikasema. "Nililala."

Alitikisa kichwa mara nyingi, akanywa kahawa yake mpaka machicha. Kisha akasema binti hatampa karani, kwa kuwa binti mwenyewe amekataa, na yeye mzee hapendi kelele nyumbani kwake. Binti atamngoja Hasani mpaka baada ya mavuno ya mwaka ujao. Ila ng'ombe watakuja wanne, na yule mwenye pembe moja abadilishwe.

Njiani kurudi Kwaluguru, tulipovuka Mto Pangani, Hasani akasema, "Kaka, kama ulikuwa na usingizi si ungelala kwako," na baada ya hapo hakunisemesha tena mpaka mwezi uliofuata. Mimi nikarudi Muheza, nikachukua kipande kingine cha kazi, na kingine, na kingine, nikakata mkonge mwaka mzima ambao nilikuwa nimepanga niwe nyumbani nalima. Ng'ombe tulinunua kwa Wamaasai wa kule Handeni, wote pembe mbili. Hasani alioa.

Daraja la pili sijapanda tena na sitapanda. Hupanda la tatu, na hata kiti kikiwepo husimama karibu na mlango, mkono juu ya komeo, watu wanicheke wakitaka. Vijana wenye fedha za kwanza za mkonge wakati mwingine hunijia faraghani, kwa kuwa mimi ndiye pekee wanayemjua aliyeingia mle, wananiuliza kama ile nyongeza inafaa. Huwaambia inafaa. Godoro ni zuri, hakuna anayekuita, utalala kama mtoto. Inamfaa sana mtu ambaye aendako hakuna anayemsubiri.