Jina la Mwanamke Asiyekula

Kwetu Mbeere, kule chini karibu na Ishiara, mtoto hatafutiwi jina. Jina liko likimngoja. Msichana wa kwanza hupewa la mama ya baba yake, na akishalipokea amempokea na mwenyewe. Ndiyo maana baba yangu, mwanamume wa ndevu nzito aliyeogopwa na mbuzi na watoto sawasawa, aliniita "Mama" tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Akirudi kutoka shambani aliuliza, "Mama ameshindaje?" na mama yangu mzazi alimjibu kwamba Mama amelia mchana kutwa, aje ambembeleze mwenyewe.

Nilipenda sana kuwa mama ya baba yangu. Nani asingependa? Wadogo zangu walipokosa walichapwa, mimi nilipokosa nilinong'onezwa. Hakuna mtu anayemchapa mama yake.

Nyanya mwenyewe alifariki kabla sijazaliwa, na alichotuachia ni hadithi moja tu. Baba aliisimulia kila mgeni alipokuja, hasa chakula kikiwa mezani. Kwamba zamani, yeye akiwa mdogo, ukame uliingia nchini, na mama yake alikuwa akiwapakulia watoto kisha anaketi kando. Wakimuuliza, "Mama, umekula?" anasema, "Nimeshiba." Mwanamke yule, baba alisema, hakuwa mtu wa chakula. Halafu alinigeukia mimi. "Na huyu ni yeye kabisa. Mwangalieni."

Wageni waliniangalia, nami nikaisukuma sahani yangu kwa mdogo wangu aliyekuwa karibu. Wakasema ai, kweli, cucu amerudi. Cucu ni nyanya. Nilisikia raha mpaka kwenye nywele.

Hapo ndipo ulipoanzia mchezo, na mchezo ukawa kazi. Shule ya msingi tulipogawiwa maziwa ya Nyayo, yale ya pakiti ya pembetatu, nilimpa yangu aliyeketi nami. Nyumbani nilipakuliwa kidogo nikapunguza. Siku hizi nikieleza, watu hudhani nilitaka kiuno chembamba. Kiuno chembamba Mbeere, miaka ile ya tisini mwanzoni? Msichana mwenye mashavu ndiye aliyekuwa sifa ya wazazi wake. Mwembamba aliulizwa kama anatapika minyoo.

Mimi niliamini jambo moja tu kunihusu: kwamba ni mtu asiyehitaji. Wengine walikuwa na akili, wengine sauti ya kuimba kanisani, mimi nilikuwa na huko kutohitaji. Njaa ikinishika niliona aibu, kana kwamba ndani yangu amejificha mlafi ambaye siku moja atatoka mbele ya wageni na baba ajue kwamba aliita mtu mwingine Mama. Mara nyingine mlafi huyo alinishinda, nikaingia jikoni peke yangu nikala ugali uliolala, haraka haraka, kisha nikalia nyuma ya zizi. Kesho yake nilijiadhibu.

Nilipoenda sekondari ya bweni huko Embu, kazi ikawa rahisi. Githeri yangu, ile ya mahindi na maharagwe, ilikuwa na wachumba wengi, na mgawa chakula ana marafiki. Kidato cha pili, asubuhi moja kwenye paredi, bendera ikipandishwa, mimi nikashuka. Nilipozinduka niliambiwa niende nyumbani nipumzike mpaka nipate nguvu.

Hospitalini walisema damu imepungua. Mama alichemsha maini, akachemsha majani ya kunde, akakaa mbele yangu akinitazama mdomo. Akina mama wa kanisa walikuja kuniombea; waliomba vizuri, wakanywa chai yote na mikate yote, wakaenda. Mama aliogopa waziwazi sasa. Nami niliogopa, maana nilitaka kurudi shule na miguu haikutaka, na kila kijiko kilichokaribia mdomo kiliniuliza swali lile lile: ukila, utakuwa nani?

Wiki hiyo akarudi nyanya mdogo. Alikuwa mke wa pili wa babu, na babu alipofariki alihamia Timau kwa mwanawe aliyefanya kazi kwenye mashamba ya ngano. Nilimjua kidogo tu. Sasa baridi ya Timau ilikuwa imeyashinda magoti yake, akashuka kwetu kuota jua. Alipofika mlangoni aliniona, akaweka kikapu chini.

"Mke mwenzangu!" akasema, kwa sababu kwa jina ndivyo nilivyokuwa. "Mbona umekauka hivi? Mimi nilikuzika ukiwa na mashavu!"

Nilicheka kabla sijajizuia. Mama alipika ugali wa mtama na kunde, akachinja na jogoo, tukaketi kivulini nje ya jikoni. Baba alipoona nimepokea sahani na kuiweka chini, alijaribu kunitetea mbele ya mgeni. Aliianza hadithi yake. Ukame, watoto, mama kando. "Mama mdogo, si unajua hakuwa mtu wa chakula."

Yule mzee aliacha kutafuna.

"Nani hakuwa mtu wa chakula? Yule? Wewe kijana, wacha uongo! Yule alikuwa anakula mpaka analamba kiwiko. Mfupa wake hata mbwa alikuwa anaupita."

"Lakini alikuwa anatuambia ameshiba," baba alisema.

"Hiyo ilikuwa njaa. Haikuwa tabia!" Sauti yake ilipanda, nikaona ana hasira ya kweli. "Chakula kilikuwa kidogo na nyinyi mlikuwa wengi. Alikuwa anawaambia ameshiba, halafu anakuja kwangu nyuma ya nyumba, tunakunywa maji, tunalia. Wewe ulikuwa unamwona akilia? Na mvua iliporudi, kunde za kwanza kabisa, tulipika chungu kizima, mimi na yeye, hata nyinyi hatukuwangoja. Tulikula tukicheka kama wasichana. Akaniambia, 'Sasa nimekuwa mtu tena.'"

Baba alikuwa ameshika tonge na halikwenda popote.

"Nilimwamini," akasema mwishowe.

"Ulikuwa mtoto. Alitaka umwamini." Kisha akanigeukia, akaivuta sahani yangu akaiweka katikati yetu. "Na wewe, kama wewe ni yeye, kuja hapa. Mimi na yeye tulikuwa tunakula sahani moja. Nimekula peke yangu miaka mingi sana."

Nikala. Sitadanganya kwamba sahani moja iliniponya. Nilirudi shule nikiwa bado mwepesi, na kwa muda mrefu kulikuwa na siku ambazo githeri ilinikalia shingoni, siku ambazo ilinibidi nimsikie yule mzee akifoka ndipo nimeze. Nyanya mdogo alikaa nasi mpaka magoti yakapata joto, kisha akakataa kuondoka, na kila likizo nilikuta sahani yetu moja ikiningoja. Leo mimi ni mwanamke mnene wa Embu mjini, na fundi wangu wa cherehani analijua hilo vizuri kuliko mimi.

Ila siku ile pale kivulini sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba kunde zilikuwa na chumvi ya kutosha, na kwamba mkono wa mzee ulikuwa unanisukumia minofu upande wangu huku akijifanya haangalii. Tuliimaliza. Nilipoinua macho, baba alikuwa ananitazama kama anayengoja jambo alilolikosa zamani.

"Mama," akauliza polepole, "umeshiba?"

"Bado," nikasema, na baba akanisogezea sahani yake.