Meza ya Mwalimu Thévenot

Mwalimu Solange Thévenot alifundisha kijijini kwetu, milimani Jura, miaka thelathini na mmoja, na mimi nilikuwa mpishi wa shule hiyohiyo. Alikuwa mkali lakini si mwonevu. Ndivyo tulivyoamini sote, naye mwenyewe kutushinda.

Mwaka 1957 aliletewa meza mpya: juu ubao wa mwaloni, chini fremu ya mabomba ya chuma ya kijani, matupu ndani, ncha zake zimezibwa kwa raba. Aliipenda mno, akawa anaifuta kila asubuhi kabla hata ya kuvua koti.

Mwaka uliofuata ikapotea kalamu yake ya wino, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Aliyebaki darasani wakati wa mapumziko alikuwa mmoja tu, Firmin Jacquot, mtoto wa mkata miti.

"Umeificha wapi?"

"Haki ya Mungu sijaiona, Mwalimu."

"Mwizi, na mwongo juu yake!"

Solange akakataa kumwandikisha kwa mtihani wa kwenda kusoma mjini, na Firmin ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani. Baba yake alimchapa, kisha akampeleka kiwanda cha mbao. Mama yake alikuja mlangoni kwangu jikoni na mayai kumi na mawili, kumwombea mwanawe radhi. Solange aliyapokea. Mimi ndiye niliyemkaangia.

Alipostaafu, shule ilimpa ile meza. Siku moja mwaka 1976 tulikuwa tunaisogeza ili apake ukuta rangi. Tulipoiinamisha, raba ya mguu mmoja ikachomoka, na kalamu ikateleza kutoka ndani ya bomba hadi sakafuni. Juu, nyuma ya droo, palikuwa na tundu la bomba hilo lililokosa kizibo, nasi hatukuwahi kuliona.

Solange aliketi palepale chini.

"Berthe," akasema, "nilikula mayai yao."

Siku nne hakutoka nje. Nikamwambia, "Ya kale yaache, mwenzangu. Wazazi wa Firmin wote wawili wameshakufa. Utamfaa nani sasa?"

"Wewe nawe! Nilimwita mwizi mbele ya watoto ishirini na sita, wote wapo hapahapa kijijini!"

Tukaenda pamoja kiwandani. Firmin alizima msumeno, akajipangusa mkono wenye vidole vitatu. Solange akaweka kalamu juu ya ubao.

"Ilikuwa ndani ya bomba la meza. Hukuiba. Nimekuja kukuomba radhi."

Firmin aliitazama, hakuigusa. "Kwamba sikuiba nilikuwa najua, Mwalimu. Wasiojua ni wao. Mpaka leo nikiingia dukani, Huguette anavuta sanduku la sigara karibu yake."

"Nitawaambia Jumapili."

"Na mama yangu, utamwambia lini?"

Firmin akawasha msumeno.

Jumapili baada ya misa Solange alisimama kwenye ngazi za kanisa akasema yote, la mtihani na la mayai pia. Watu wakaangalia viatu vyao.

"Ah, Mwalimu, miaka yote hiyo!" akasema Huguette wa dukani. "Nani anakumbuka?"

"Wewe unakumbuka, Huguette. Kila akiingia kwako."

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza upesi.

Firmin hakuja kumwona. Lakini majira ya baridi mkewe alimleta binti yao, Corinne, afundishwe hesabu, na tangu hapo kila Alhamisi Firmin alimfuata kwa lori, akamngoja nje huku injini inanguruma. Hakuwahi kuingia ndani, hata theluji ilipofika magotini. Solange akitoka kumkaribisha kahawa, alitikisa kichwa, kwa adabu.

Siku moja nilimuuliza Solange kama moyo sasa umepoa.

"Mtoto ana akili kama za baba yake," akanijibu. "Kila akipata jibu, naona nilichokitupa."