Kiazi cha Safari na Mtu wa Kuchoka

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka nacheka kwanza, halafu ndiyo moyo unaniuma. Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijijini. Sisi wa bonde la Maneromango tulizoea kukaa mbalimbali, kila mtu kando ya shamba lake, tukaambiwa tusogee karibu na barabara tuishi pamoja, tupate shule na maji. Tukasogea. Mimi nilikuwa nimeolewa juzi juzi tu, nina mimba ya kwanza na tumbo limekwisha kuwa kubwa. Tulilala kwenye kibanda cha makuti kisicho na ukuta upande mmoja, na masika yalikuwa yanakaribia.

Mume wangu Salumu aliapa kwamba mtoto wake hatazaliwa kibandani. Mchana watu wote tulikuwa shamba la kijiji, kwa hiyo nyumba yetu aliijenga alfajiri na jioni, yeye na mdogo wake Hamisi. Walikata miti, wakaibeba mabegani kutoka porini, wakachimba mashimo ya nguzo. Walikuwa vijana wazuri wale, usione leo nimezeeka ukadhani sikuwa na macho.

Mama mkwe wangu, Bi Tatu, ndiye aliyejua kiazi cha safari. Ni kiazi cha porini, kidogo, ganda jeusi, kichungu mpaka ulimi unakufa ganzi. Zamani walikitafuna wanaume waliobeba wagonjwa kwa machela, maana njia zetu gari halipiti, na hospitali iko mbali. Ukikitafuna alfajiri, unafanya kazi kutwa usisikie uchovu. Ila kilikuwa na sharti lake. Anayekula lazima aongozane na mwenzake ambaye hakula, na huyo tulimwita mtu wa kuchoka. Yeye akikaa, na wewe unakaa. Yeye akinywa maji, na wewe unakunywa. Bi Tatu hakumpa mtu kipande bila kumwuliza mtu wake wa kuchoka ni nani.

Salumu alipomwomba, akamtaja Hamisi. Mama akampa kipande, kazi ikaenda vizuri. Hamisi akichoka anaweka panga chini, Salumu naye anakaa huku ananung'unika, maana mwenyewe anajiona bado mzima kabisa.

Tatizo likawa midomo ya watu. Vijana wenzao wakipita wakamwona Hamisi amekaa, wakaanza kumtania, wakimwuliza mwenye mimba ni shemeji yake au ni yeye. Sisi Wazaramo kwa utani hatujambo, na mimi mwenyewe nilicheka. Hamisi hakucheka. Alikuwa anatazama mawingu, anatazama tumbo langu, anaona yeye ndiye anayemchelewesha kaka yake. Basi siku moja isiyokuwa na kazi ya kijiji, akaingia kimya kimya kwenye kikapu cha mama yake, akachukua kipande, akatafuna.

Siku hiyo walifanya kazi ya ajabu. Jua lilichomoza likawakuta, likapanda utosini, wao wanabeba tu. Niliwapelekea maji, wakasema weka hapo. Salumu alikuwa anamtazama mdogo wake, anamwona hajakaa, basi naye anaendelea. Moyoni nikasema kweli kabla ya masika tutakuwa na nyumba.

Alasiri Salumu aliweka nguzo chini, akataka kuinuka, magoti yakakataa. Mapaja yalikuwa magumu kama kuni. Aliposhikwa kwenda haja ndogo, mkojo ukatoka mweusi kama chai ya rangi. Nilipiga ukunga wa kuita watu, mwanangu, nilijua mtoto wangu anazaliwa yatima.

Bi Tatu alikuja, akamshika mwanawe mapaja, kisha akamgeukia Hamisi aliyekuwa amesimama kando. Akamwambia afungue mdomo. Akaunusa. Hakupandisha sauti.

"Na wewe umekula," akasema. "Sasa leo hapa, nani alikuwa anachoka?"

Hamisi akakaa chini palepale akalia.

Salumu alibebwa kwa machela mpaka hospitali, wakamtundikia maji, na Mungu akamrudisha. Nyumba yetu waliimalizia watu wa nyumba kumi zetu, hao hao waliotania, wakakandika udongo na kuezeka bila kuombwa. Mtoto alizaliwa chini ya paa, mvua inanyesha. Lakini zile nguvu za Salumu hazikurudi zote. Miaka yote tuliyolima pamoja nilikuwa namwona, jembe bado liko juu, anageuka kunitazama. Nikikaa, anakaa. Nami, Mungu anisamehe, mara nyingi nilikaa hali sijachoka.

Siku hizi nakuona, mwanangu, unatoka kituo cha Picha ya Ndege kwenda mjini na kurudi na hiyo pikipiki, usiku na mchana, kopo la kinywaji cha nguvu mkononi. Sikukatazi kutafuta, najua una watoto. Ila hicho kinywaji hakikuongezei mwili, kinakuzibia masikio tu usiusikie ukilalamika. Tafuta mtu wa kuchoka kwa ajili yako, mke, rafiki, yeyote, na akikuambia leo inatosha, zima pikipiki hata kama unajiona mzima. Na wewe ukiwa ndiye mtu wa kuchoka wa mwenzako, usione haya kukaa chini, hata watu wakucheke. Mungu akupe riziki ya mchana na usingizi wa usiku, akupe na mtu wa kukutazama. Mimi wangu nilimtazama mpaka akapumzika mwenyewe, mzee, kitandani kwake.