Sista wa Wodi ya Wanawake

Miaka ile ya Ujamaa nilipangiwa kuwafundisha fasihi wanafunzi wa udaktari, ili wajifunze kumsikiliza mgonjwa kama mtu mwenye habari zake. Kila Jumamosi mchana nilitoka chumbani kwetu Kariakoo na hadithi nilizozichapa mwenyewe, nikatembea kwa miguu hadi Upanga. Walikuja saba, siku nyingine wanane. Wawili walisinzia tangu ukurasa wa kwanza.

Wenzao wote waliobaki walikuwa wodini kwa sista mmoja muuguzi, mama wa Kichaga mwenye miguu iliyovimba, ambaye aliniambia waziwazi kwamba hajamaliza hata kitabu kimoja cha hadithi tangu azaliwe. Alichowafundisha ni jambo dogo tu. Mgonjwa wa kwetu ukimuuliza habari hujibu nzuri, hata akiwa mahututi, maana ndiyo adabu. Wanafunzi walikuwa wakiandika kwenye faili: hana malalamiko.

"Hiyo ni salamu, bado hajasema kitu," sista akawaambia. "Vuta kigoda ukae. Muulize watoto, muulize shamba. Halafu uliza tena."

Basi wakamganda. Sista kasema hivi, sista kasema vile, mpaka ndani ya kipindi changu. Roho iliniuma kwelikweli. Si ndiyo yale yale niliyoyahubiri mwaka mzima, tena mimi nina shahada?

Mama yangu alipozidi kukonda, nilimpeleka akalazwa wodi hiyohiyo. Zamu ilikuwa ya mwanafunzi wangu mmoja, binti niliyempenda kuliko wenzake wote.

"Shikamoo mama. Habari za nyumbani?"

"Marahaba mwanangu. Nzuri tu."

Binti akavuta kigoda. Akauliza habari za sokoni, nani amebaki na nazi zake, na wateja wa mkopo wanasumbua? Mama akacheka. "Na mwili je, mama?" Hapo mama akasema anatokwa na damu tangu mfungo uliopita.

Kule Kariakoo tulilala chumba kimoja, mimi na mama. Kila asubuhi nilimuuliza kaamkaje, akasema salama, nikabeba vitabu vyangu nikaenda zangu.

Nilimvuta yule binti nje, barazani. Swali la kwanza lililonitoka halikuhusu damu.

"Hayo umejifunza kwangu, au kwa sista?"

Alinitazama kidogo, akashusha macho kwa heshima.

"Mwalimu," akasema, "mama anakusubiri ndani."